Mama Mkubwa Jiko na Moyo wa Fundi Cherehani

Katika ukoo wetu hakuna jambo nisilolijua. Sijivuni, nasema tu, kama mtu anayesema maji yanalowesha. Mimi ni mshereheshaji wa harusi. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama nzuri za mdomo na alama za huruma kwenye mengine yote, na kazi yangu ni kushika maikrofoni na kuwataja watu bila kusoma karatasi. Nieleze ukoo wako saa tatu, na ikifika saa nne nitakutajia hadi babu yako aliyeuza baiskeli ya mkwewe. Ndiyo maana wananiita Spika. Wa kwetu wenyewe ndiyo usiseme: nani alizaliwa lini, nani alimkimbia nani, nani ana meno ya bandia na huyaweka wapi akiyavua. Kichwa changu ni kabati ambalo halijawahi kupoteza hata soksi.

Basi mjomba alipougua, nani mwingine angempeleka hospitali?

Mjomba, kaka yake mama, ni fundi cherehani. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu, na ugonjwa wake tuliuona kwanza pale pale. Zamani alikuwa akishona mguu wa suruali kutoka kiunoni hadi chini kwa pumzi moja, huku anaimba. Halafu akaanza kupumzika kwenye goti. Halafu kwenye paja. Mwishowe akawa anashona kipande cha kidole kimoja, anasimama, anashika meza, anahema kama aliyetoka kukimbizwa na mbwa. Wateja wakadhani ameingiwa na uvivu. Madaktari walipompiga picha ya moyo wakasema vali moja imeharibika, haifungi. Damu inakwenda mbele kisha inarudi nyuma, kama mteja asiyejua anataka kitambaa gani. Dawa ni moja tu: kufungua kifua na kumwekea vali mpya ya chuma.

Siku moja kabla ya upasuaji, muuguzi wa usingizi akaja wodini na fomu. Huyu muuguzi mshike vizuri, maana ndiye atakayeniharibia mambo. Mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, kalamu tatu mfukoni, na macho ya mtu aliyewahi kudanganywa na wagonjwa elfu moja.

"Baba, umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

Mjomba akatikisa kichwa. Alikuwa ameegemea mito mitatu, na kwake kusema maneno matano ilikuwa kama kupanda ghorofa.

"Katika familia yenu, je?"

"Muulize... huyu." Akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye... anayeujua ukoo."

Umeona? Sikujipachika. Nilichaguliwa. Nikavuta kiti, nikakunja mikono ya shati.

"Kuna yeyote wa damu aliyewahi kupata tatizo kwenye nusukaputi?" muuguzi akaniuliza.

"Hapana."

"Fikiri kwanza."

"Dada yangu, mimi nikifikiri huwa ni mapambo tu. Hapana."

"Wazazi, kaka zake, dada zake, watoto wao?"

"Andika hapana, halafu piga mstari hadi chini."

Akanitazama juu ya miwani. "Hapa kuna nafasi ya maelezo. Andika mwenyewe, uweke na sahihi."

Nikaandika kwa mwandiko wangu wa kadi za harusi, ule wa herufi zenye masikio: *Hakuna. Ukoo wetu ni chuma.* Nikaweka sahihi yenye mkia. Mjomba alikuwa amefumba macho. Muuguzi akasoma, akaondoka na fomu yake.

Kesho yake saa mbili asubuhi wakamwingiza chumba cha upasuaji. Sisi tukabaki ukumbini, kwenye vile viti vya plastiki vilivyofungwa vinne vinne kwenye chuma kimoja, ambavyo mmoja akijikuna wote wanne mnasikia. Tulikuwa watatu. Mimi. Mkazamjomba, yaani mke wake mjomba, aliyekuwa ameshika futi ya kupimia nguo ya mumewe, anaikunja, anaikunjua, anaikunja. Na Mama Mkubwa Jiko, dada mkubwa wa mama na wa mjomba, aliyekuja na chupa ya chai, mfuko wa karanga, na sauti ambayo hospitali nzima iliambiwa iiheshimu.

Saa nne ikafika. Hakuna mlango uliofunguka.

"Spika," mkazamjomba akaniambia, "sema chochote. Sema hata uongo."

Hapo mtu wa kazi yangu hasubiri kuombwa mara mbili. Nikasimama, nikatoa ile ya Jiko.

Kila ukoo una hadithi moja ambayo sherehe haiishi bila hiyo kusimuliwa. Yetu ni hii. Mama mkubwa akiwa na miaka kumi na mmoja alimkimbiza kuku juu ya ukuta. Kuku alikuwa na mabawa, yeye hakuwa nayo. Mkono ukavunjika. Hospitali wakampiga nusukaputi ili waunyooshe. Basi mtoto akalala, na alipolala akaanza kuchemka! Daktari akamgusa paji la uso, akarudisha mkono kama aliyegusa sufuria. Mwili ukakauka, ukawa kama ubao wa kupigia pasi. Ungemwegemeza ukutani angesimama. Wakakimbilia duka la ng'ambo ya barabara, wakabeba barafu yote iliyokuwa ikipoza soda, wakamlaza humo. Kesho yake akafumbua macho, kizibo cha soda kimemganda mgongoni, na neno lake la kwanza hapa duniani baada ya kurudi likawa: "Nani kaninywea soda yangu?"

Tangu siku hiyo akawa Jiko. Watoto wanamwita Jiko, wakwe wanamwita Jiko, hata mumewe, Mungu amrehemu, alimchumbia akijua anamchumbia Jiko. Mimi hadithi hiyo nimeisimulia kwenye harusi si chini ya arobaini. Najua pa kupumzika, najua pa kutoa macho.

"Hakikuwa kizibo kimoja," Mama mkubwa akanisahihisha, kama anavyonisahihisha kila mara. "Vilikuwa viwili."

Ukumbi mzima ukacheka. Mlinzi wa mlangoni alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mkazamjomba alicheka mpaka futi ikamponyoka, na nilipoiokota nikajiona nimefanya kazi ya daktari.

Saa saba mchana mlango ukafunguka. Muuguzi wangu wa miwani, barakoa imeshuka kidevuni, anatembea ule mwendo wa mtu anayejizuia asikimbie.

"Ndugu wa fundi cherehani!"

Tukasimama wote, viti vikapiga kelele.

"Yu hai," akasema kwanza, na kwa hilo nitampenda hadi uzeeni. "Vali imeshawekwa, imekaa vizuri. Lakini kuna jambo. Mashine ilikuwa imempoza mwili ili afanyiwe kazi. Sasa tunampasha arudi joto la kawaida, na joto limefika pale linapotakiwa, halikusimama. Linapanda lenyewe. Ninauliza: kuna yeyote wa damu aliyewahi kupata tatizo kwenye nusukaputi?"

"Hapana," nikasema.

Naapa nilisema. Mdomo wangu hutangulia, mimi hufuata nyuma nikibeba mizigo.

"Mtu aliyelala kwa dawa akapata joto kali? Mwili ukakakamaa?"

Hapo kabati langu likafunguka na kila kitu kikaniangukia kichwani. Mkazamjomba akageuza shingo polepole. Mlinzi akageuka. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti tangu asubuhi akalishusha. Ukumbi mzima ukamtazama Mama mkubwa, ambaye mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa karanga.

"Mbona mnanitazama mimi?"

"Mama," muuguzi akasema, "wewe ni nani kwa mgonjwa?"

"Dada yake. Tumbo moja, ziwa moja."

"Uliwahi kupigwa nusukaputi?"

Mama mkubwa akautoa mkono kwenye karanga. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia akisema kwa sauti ndogo. "Waliniweka kwenye barafu," akasema. "Kilichovunjika kilikuwa mkono, lakini waliniweka kwenye barafu."

Muuguzi aligeuka, na safari hii alikimbia kweli. Kiatu chake kimoja cha mpira, cha kijani, kilimchomoka mlangoni, naye hakusimama kukichukua.

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuyaficha maradhi yetu, jamani. Tuliyapigia maikrofoni kwenye harusi arobaini, tukayapa na jina la utani, na bado hatukuyaona. Kichwani mwangu magonjwa yalikuwa rafu moja na vichekesho rafu nyingine, na huyu muuguzi jana yake aliniuliza kuhusu magonjwa.

"Lakini kwa nini hawakuuliza mapema?" mkazamjomba akasema. Alikuwa ameizungusha futi mkononi hadi vidole vimebadilika rangi. "Swali kama hilo si la kuuliza kabla?"

Nikatazama kile kiatu cha kijani. "Labda waliuliza," nikasema. "Labda mjomba mwenyewe alijibu. Unajua alivyokuwa hoi."

Uongo mdogo, wa kupenya tundu la sindano. Viti vyetu vilikuwa vinatikisika vyote vinne. Nadhani ni mkazamjomba.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa baadaye na muuguzi. Daktari mkuu wa upasuaji alikuwa anaishuku mashine ya kupasha damu. Fundi wa mashine anakishuku kipimajoto. Daktari wa usingizi peke yake, mama mmoja mfupi anayesimama juu ya kigoda, alikuwa anaishuku dawa yake mwenyewe. Damu ilikuwa inageuka kuwa na asidi, hewa chafu imeongezeka, na taya la mjomba limekaza kama koleo. Daktari huyo mfupi alikuwa ameshafunga mvuke wa usingizi na kumtuma muuguzi nje kuuliza, huku wenzake wakibishana. Muuguzi akaingia na kiatu kimoja, akapaza sauti: "Dada yake! Tumbo moja! Walimtia kwenye barafu!" Ubishi ukaishia hapo.

Kuna watu wanaorithishana jambo hili kwenye damu: mvuke fulani wa kulaza wagonjwa unawasha misuli yao kama injini iliyokosa breki, na isipozimwa mapema inaua. Dawa ya kuizima ipo, inaitwa dantrolini, na pale ilikuwa kwenye sanduku jekundu ambalo kwa miaka lilifunguliwa tu kukagua tarehe. Tatizo lake ni ukaidi. Ni unga ndani ya chupa. Unatia maji mengi, unatikisa, nao unakutazama tu kama sukari kwenye maji baridi. Kwa hiyo kila mwenye mikono mitupu akapewa chupa: muuguzi, mfagiaji, mwanafunzi wa udaktari aliyekuja siku ile kutazama tu. Chupa nane, kisha nne nyingine. Wote wanatikisa, hakuna anayesema, chumba kinalia chaka-chaka-chaka kama bendi iliyokosa mwimbaji.

Na hapa ndipo bahati ya mjomba ilipokuwa imejificha. Kwa sababu ni moyo uliokuwa unatengenezwa, damu yake yote ilikuwa ikipita nje, kwenye mipira ya mashine. Hakukuwa na haja ya kukimbilia duka la soda. Fundi wa mashine alizungusha kitufe kutoka kupasha hadi kupoza, basi. Joto lilikuwa limegonga arobaini na nukta mbili. Likasimama. Likashuka thelathini na tisa. Likashuka thelathini na nane. Daktari mfupi akashuka kwenye kigoda, akaomba maji ya kunywa.

Saa kumi alasiri muuguzi akatoka, miwani kifuani, uso umelowa jasho. "Thelathini na saba na nukta moja," akasema, "na moyo unapiga wenyewe."

Mkazamjomba alimkumbatia Mama mkubwa, Mama mkubwa akamkumbatia muuguzi, mlinzi akamkumbatia mzee wa gazeti ambaye hata mgonjwa wake alikuwa wa mguu. Karanga ziligawiwa hadi kwa watu wasiotujua. Mimi sikulia. Kuna vumbi sana kwenye kumbi za hospitali.

Wakamlaza siku mbili chumba cha uangalizi, kwa dawa nyingine isiyo na ugomvi na damu yetu. Siku ya tatu wakamtoa mpira kooni. Tulikuwa tumezunguka kitanda. Akafumbua macho, akamtazama mkewe, akatazama mikono ya mkewe.

"Nani," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "kakuruhusu kuchezea futi yangu?"

Damu ni damu. Mama mkubwa alitoka nje akaenda kucheka ukutani.

Wiki tano baadaye, Jumamosi mchana, tukamfanyia mjomba karamu ya kumkaribisha kazini. Vitambaa vilisukumwa pembeni ya duka lake, cherehani ikafunikwa shuka safi, na ukutani nikabandika bango nililoliandika kwa mkono wangu: *Karibu Fundi, Nguo Zinakungoja*, na chini yake sahihi yangu. Mjomba alikaa kwenye kiti chake, amenenepa mashavu, anaongea sentensi ndefu kwa makusudi ili tumsikie. Na ile vali mpya ya chuma, ukikaa kimya, unaisikia kifuani: tik, tik, tik, kama cherehani ya mbali. Watoto walipanga foleni kuweka sikio.

"Sasa Spika," Mama mkubwa akaniamuru, "ile yangu imezeeka. Tupe mpya."

Nikawasha spika zangu, nikashika maikrofoni. Jamani, siku ile niliwaka. Nikawapa mito mitatu, nikawapa futi, nikawapa kiatu cha kijani. Watu wanajishika mbavu. Nikaona njia ni nyeupe, nikaongeza mwendo.

"Muuguzi akatoka nje, akapiga kelele: mikono imetuishia! Nani ana mikono imara? Nikavua shati. Nikaingia. Chupa kumi na mbili, nikazitikisa kwa hii mikono yangu miwili, mpaka daktari mkuu akasema: kijana, pumzika, utatuharibia dawa!"

Makofi. Mjomba alikuwa amekunja nyusi. Tik, tik, tik.

"Na kuhusu ile fomu," nikaendelea, kwa sauti ya upole, "mjomba aliijaza mwenyewe, mgonjwa, hajiwezi. Tusimlaumu. Tumsamehe!"

"Mimi?" mjomba akasema.

"Endelea, endelea," sauti ikasema mlangoni. "Mimi napenda sana hapo kwenye fomu."

Sikuhitaji kugeuka. Nilimjua mwenye zile kalamu tatu kwa sauti yake. Muuguzi alikuwa amesimama kizingitini, gauni la kitenge, miwani ileile, na kwapani bunda la karatasi. Mjomba alikuwa amemwalika kimyakimya, kwani joto hili ni la ukoo, na kila mmoja wetu ilibidi aandikwe, apewe kadi ya kumwonyesha daktari kabla ya nusukaputi yoyote.

"Karibu dada!" nikasema haraka. "Mpeni kiti! Mpeni chai! Mpeni chai mbili!"

"Nimeshakaa sana hapa mlangoni," akasema. "Chupa tulitikisa mimi, mfagiaji na mwanafunzi. Wewe, nilipotoka kufuata kiatu changu, nilikuta viti vinne vinacheza. Hawa mama wawili walikuwa wametulia kama picha. Kitu pekee ulichotikisa siku ile ni magoti."

Duka likapasuka kwa kicheko. Mama mkubwa aliangukia marobota ya vitambaa. Mjomba alicheka mpaka vali ikaanza kushona kwa kasi, na mkewe akamwekea mkono kifuani, anacheka naye.

Halafu mkazamjomba akaacha kucheka. "Na fomu?"

Muuguzi akavaa miwani, akaweka karatasi mpya mezani, juu ya cherehani. "Hii ni ya leo. Ile ya kwanza sitaisoma, ni siri ya mgonjwa. Nitasema tu kwamba pale kwenye maelezo aliandika mtu mwenye herufi zenye masikio." Akachomoa kalamu moja mfukoni. "Na sahihi yenye mkia."

Duka zima likageuka kutazama bango langu ukutani. Walilisoma taratibu, kutoka juu hadi chini, hadi kwenye mkia. Kifua cha mjomba kikaendelea kushona, tik, tik, tik. Kisha vichwa vyote vikaacha bango, vikanigeukia.

"Mbona mnanitazama mimi?" nikasema, na maikrofoni ilikuwa bado imewashwa.